Zao la Namba na Zao la Shamba: Aljebra Nyepesi kwa Kila Anayepima



Katika somo hili tunajifunza jambo moja tu la hisabati: tukizidisha namba mbili, kisha namba hizo zikaongezeka au zikapungua, zao lake linabadilikaje? Hatutahitaji zaidi ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha na mabano ya kidato cha kwanza. Aliyeacha shule zamani asiogope, tutakwenda polepole. Tunaanza na kisa, kwa sababu ndicho kilichotufanya tuandike.

1. Swali la kigangoni

Wakati wa likizo tulikuwa katika kigango kimoja kwa kazi za kichungaji. Siku moja, baada ya ibada, mama mmoja mjane alitusubiri nje ya kanisa. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alitaka wabadilishane ardhi. Kiwanja cha mama kilikuwa kando ya barabara, mraba wa hatua 20 kwa 20, naye alikuwa akilima mahindi humo. Shemeji alitaka kujenga kibanda cha biashara hapo barabarani, na badala yake angemkatia mama kipande cha hatua 30 kwa 10 katika shamba lake la bondeni. Udongo ni ule ule. Wote wawili walikuwa wamevizunguka vipande hivyo kwa miguu, wakihesabu kwa sauti, na kila kimoja kilitimia hatua 80. Kesho yake walikuwa waende kwa mwenyekiti wa kitongoji kuandikishana.

“Mafrateri wangu, mimi sikusoma sana,” alisema yule mama. “Shemeji hanidhulumu, tumehesabu pamoja. Upande mmoja amenipunguzia kumi, upande wa pili ameniongezea kumi. Lakini moyo wangu unasita. Hebu niangalizieni.”

Moyo wake ulisita kwa haki. Eneo la kiwanja chake ni 20 × 20, yaani hatua za mraba 400. Eneo la kipande cha bondeni ni 30 × 10, yaani hatua za mraba 300. Angepoteza robo ya ardhi yake. Kama udongo ni sawa na mvua ni ile ile, kila mahali alipokuwa akivuna debe 4 za mahindi angevuna 3. Na kwa mjane mwenye watoto, debe hiyo moja ndiyo inayoamua kama chakula kitafika mavuno mengine au la.

Jibu tulimpa papo hapo. Lakini jioni, tukiwa mezani kwa katekista, mmoja wetu aliuliza swali ambalo hatukulijibu upesi: kumi imetoka, kumi imeingia, sasa hizo mia moja zimekwenda wapi? Shemeji hakuwa mwizi. Aliamini kwa dhati kwamba kilichopungua kimerudishwa. Kosa lake lilikuwa wapi hasa?

2. Tuzitazame namba kwanza

Kabla ya kutumia herufi, ni vizuri kuzichunguza namba zenyewe. Tuchukue namba mbili ambazo jumla yake daima ni 40, tuzizidishe, na tuangalie zao linapungua kiasi gani kutoka 400:

20 × 20 = 400, pungufu 0
21 × 19 = 399, pungufu 1
22 × 18 = 396, pungufu 4
23 × 17 = 391, pungufu 9
25 × 15 = 375, pungufu 25
30 × 10 = 300, pungufu 100
35 × 5 = 175, pungufu 225
39 × 1 = 39, pungufu 361

Msomaji asimame hapa kidogo aitazame safu ya mwisho: 1, 4, 9, 25, 100, 225, 361. Hizi ni namba za mraba: 1 × 1, 2 × 2, 3 × 3, 5 × 5, 10 × 10, 15 × 15, 19 × 19. Tukisogea hatua 3 kutoka katikati, tunapoteza 3 × 3. Tukisogea hatua 10, tunapoteza 10 × 10. Kumbe zile mia moja za mama hazikupotea ovyo, zinafuata kanuni. Ila jedwali, hata likiwa refu namna gani, linatuonyesha tu kwamba jambo liko hivyo. Sababu yake tutaipata kwa aljebra.

3. Vipande vinne

Tuanze na hali iliyo rahisi zaidi, ambapo pande zote mbili zinaongezeka. Tuseme kanisa la kigango lina urefu wa mita 12 na upana wa mita 8. Sakafu yake ni mita za mraba 96. Waamini wameongezeka, na kamati ya ujenzi inaamua kurefusha kanisa kwa mita 2 na kulipanua kwa mita 2. Marumaru za kununua kwa ajili ya sehemu mpya zitatosha mita za mraba ngapi?

Mjumbe mmoja anapiga hesabu hivi: “Tukirefusha mita 2, tunapata 2 × 8, yaani 16. Tukipanua mita 2, tunapata 2 × 12, yaani 24. Jumla 40.” Wanaandika 40, wanakwenda dukani. Fundi anatandika marumaru, na mwishoni kunabaki shimo la mita 2 kwa 2 kwenye kona, pale urefu mpya unapokutana na upana mpya. Zinakosekana mita za mraba 4. Hakika 14 × 10 ni 140, na 140 ukitoa 96 ni 44, si 40.

Chora mstatili kwenye karatasi uone mwenyewe. Sakafu mpya ina vipande vinne: sakafu ya zamani (96), ukanda wa mbele (16), ukanda wa ubavuni (24) na kipande cha kona (4). Mjumbe alihesabu kanda mbili, akaisahau kona.

Sasa tuweke herufi, ili tulilosema kuhusu kanisa moja liwe kweli kwa mstatili wowote. Urefu wa zamani tuuite a, upana wa zamani tuuite b. Urefu unaongezeka kwa x, na upana unaongezeka kwa y. Zao jipya ni:

(a + x)(b + y) = ab + ay + bx + xy

Wengi wetu shuleni tuliikariri kanuni hii ya kufungua mabano bila kujua inasema nini. Inasema vile vipande vinne. ab ni sakafu ya zamani. Ay na bx ni kanda mbili. Xy ni kipande cha kona. Somo zima la leo limo katika herufi hizo mbili za mwisho. Binadamu akikisia kwa haraka mabadiliko ya zao, huziona kanda, na mara nyingi husahau kona.

4. Upande mmoja ukiongezeka na mwingine ukipungua

Turudi kwa mama. Hapa a ni 20 na b ni 20. Urefu uliongezeka kwa 10, hivyo x ni 10. Upana ulipungua kwa 10, hivyo y ni −10. Tuweke katika kanuni:

ab = 400
ay = 20 × (−10) = −200
bx = 20 × 10 = 200
xy = 10 × (−10) = −100

Sasa tunaona shemeji alikuwa sahihi wapi na alikosea wapi. Kanda mbili zinafutana kweli: mia mbili zimetoka, mia mbili zimeingia. Hapo hesabu yake ya kumi kwa kumi ilikuwa sawa. Lakini kona haifutwi na kitu chochote. Namba chanya ikizidishwa kwa namba hasi, zao ni hasi, na hivyo 100 zimeondoka moja kwa moja.

Asiyeridhika na alama achukue karatasi na mkasi. Akate mraba wa sentimita 20 kwa 20. Aukate katikati apate vipande viwili vya sentimita 20 kwa 10. Kimoja akilaze, kiwe na urefu wa 20 na upana wa 10. Sasa ajaribu kukitumia kile cha pili kukirefusha hicho cha kwanza mpaka kifikie 30 kwa 10. Ataona kwamba sentimita 10 kwa 10 tu ndizo zinazohitajika. Nusu ya pili ya kipande hicho, nayo ni 10 kwa 10, inabaki mkononi bila mahali pa kuwekwa. Hizo ndizo hatua 100 za mraba za yule mama.

Kwa jumla, kama namba mbili ziko sawa, kila moja ni m, nasi tukaongeza d kwenye moja na kupunguza d kwenye nyingine, tunapata:

(m + d)(m − d) = m² − d²

Hii ndiyo sababu ya safu ile ya namba za mraba katika jedwali letu. Na kwa kuwa d² haiwezi kuwa hasi, tunajua kwa hakika, bila kupima viwanja vyote duniani, kwamba kati ya mistatili yote yenye mzunguko mmoja, mraba ndio wenye eneo kubwa kuliko yote.

Je, kama namba zenyewe hazikuwa sawa tangu mwanzo? Tuseme a ni ndogo na b ni kubwa, nasi tunahamisha x kutoka kwa kubwa kwenda kwa ndogo:

(a + x)(b − x) = ab + x(b − a − x)

Maana yake ni kwamba namba kubwa ikiipa ndogo, zao linaongezeka, mradi kiasi kilichotolewa ni pungufu ya tofauti yao. Mfano: 10 × 30 ni 300. Kubwa ikitoa 5, tunapata 15 × 25 = 375. Ikitoa 10, tunapata 20 × 20 = 400, na hapo ndipo kilele. Ikizidi kutoa, zao linaanza kushuka tena. Ikitoa 20, namba zimebadilishana tu nafasi, nasi tumerudi kwenye 300.

5. Kosa hili ni la zamani

Shemeji asijione peke yake. Mwanahistoria Mgiriki Polybius, aliyeishi karne ya 2 kabla ya Kristo, aliwashangaa watu waliopima ukubwa wa miji kwa kuangalia mzunguko wake. Alitoa mfano wa Megalopolis, mji aliozaliwa yeye mwenyewe, wenye mzunguko wa stadio 50, na Sparta, wenye mzunguko wa stadio 48. Hata hivyo, alisema, Sparta ni kubwa mara mbili. Aliona kwamba sababu ya kutoelewa ni kusahau jiometria tuliyofundishwa utotoni.

Karne nyingi baadaye, katika karne ya 5 baada ya Kristo, mwanafalsafa Proclus wa Athens aliandika ufafanuzi wa kitabu cha kwanza cha Euclid. Humo alitaja watu waliogawana ardhi na wenzao kwa ujanja: waliwaachia wenzao vipande vyenye mzunguko mrefu zaidi, wao wakachukua vyenye mzunguko mfupi lakini eneo kubwa zaidi. Wakavuna zaidi, na juu ya hayo wakasifiwa kuwa ni watu waadilifu! Shemeji wa kigangoni alikosea kwa kutojua, bali hao walijua. Lakini kwa anayepokea ardhi, hasara ni ile ile katika hali zote mbili.

Kanuni tuliyoitumia nayo ni ya zamani. Euclid, takriban mwaka 300 kabla ya Kristo, aliithibitisha katika kitabu cha pili cha Elements, pendekezo la 5, kwa maneno na michoro, bila herufi kama zetu. Nalo neno aljebra limetokana na neno la Kiarabu al-jabr, lililomo katika jina la kitabu alichokiandika al-Khwarizmi mjini Baghdad katika karne ya 9. Sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu kugawa mirathi, na sehemu nyingine inahusu kupima maeneo. Kwa hiyo tunapoitumia aljebra kuangalia shamba la mjane, tunaitumia katika kazi iliyoizoea tangu mwanzo.

6. Kona katika biashara

Zao si eneo tu. Bei ukizidisha kwa idadi ya vitu vilivyouzwa, unapata mauzo. Nguvu kazi ni idadi ya vibarua mara idadi ya siku. Kanuni ya vipande vinne inafanya kazi kote huko.

Tuseme akina mama wa jumuiya wanauza maandazi baada ya Misa ya Jumapili. Huuza maandazi 100 kwa shilingi 200 kila moja, na kupata shilingi 20,000. Unga umepanda bei, nao wanataka kuuza kwa shilingi 250. Wanajua kwamba wateja wengine watakataa, na wanakadiria kwamba watauza maandazi 80. Je, mauzo yataongezeka?

Mmoja anasema: “Shilingi 50 za nyongeza kwa maandazi 100 ni faida ya 5,000. Maandazi 20 yasiyouzwa, kwa shilingi 200, ni hasara ya 4,000. Tunabaki na nyongeza ya 1,000.” Maneno hayo yanaonekana ya busara. Tuyapime kwa kanuni:

ab = 200 × 100 = 20,000
ay = 200 × (−20) = −4,000
bx = 100 × 50 = 5,000
xy = 50 × (−20) = −1,000

Jumla ni 20,000. Nyongeza yote imeliwa na kona. Na maana ya kona hapa ni rahisi: yale maandazi 20 yasiyouzwa hayakuleta ile nyongeza ya shilingi 50. Huwezi kuhesabu faida ya bei mpya kwenye andazi ambalo halikununuliwa. Tusisahau lakini kwamba maandazi 80 yanatumia unga na mafuta kidogo kuliko 100, hivyo huenda akina mama wakafaidika upande wa gharama. Kanuni yetu inazungumzia mauzo tu; uamuzi ni wao.

7. Pande zote mbili zikipungua

Imebaki hali moja, nayo inatufundisha jambo lililowasumbua wanafunzi wengi: kwa nini hasi mara hasi ni chanya?

Tuseme mtu anauziwa kiwanja kinachosemekana kuwa mita 50 kwa 50, yaani mita za mraba 2,500. Kimepimwa kwa kamba ya mita 50. Lakini kamba ile iliwahi kukatika, ikaungwa kwa fundo, na sasa ina mita 48 tu. Kiwanja halisi ni 48 × 48. Tutumie kanuni:

(50 − 2)(50 − 2) = 2,500 − 100 − 100 + 4 = 2,304

Tunaondoa ukanda wa 50 kwa 2 upande mmoja, halafu ukanda wa 50 kwa 2 upande mwingine. Lakini kile kipande cha 2 kwa 2 kwenye kona kimo katika kanda zote mbili! Tumekiondoa mara mbili, ilhali kinatakiwa kuondolewa mara moja tu. Kwa hiyo lazima tukirudishe mara moja: jumlisha 4. Ndiyo maana (−2) × (−2) ni +4. Kama ingekuwa −4, kiwanja kingetoka 2,296, na yeyote mwenye futi kamba angetuumbua.

Tuangalie pia ukubwa wa hasara. Fundo lilimeza mita 2 tu katika 50, sawa na asilimia 4. Lakini ardhi iliyokosekana ni mita za mraba 196, karibu asilimia 8. Kosa dogo la kamba likiingia katika urefu na katika upana, eneo hulibeba karibu mara mbili. Kama kila mita ya mraba inauzwa kwa shilingi 3,000, mnunuzi amelipa shilingi 588,000 kwa ardhi ambayo haipo. Kabla ya kupima kiwanja, ipimeni kwanza kamba.

8. Mazoezi

Jaribu mwenyewe kabla ya kusoma majibu.

(a) Zidisha 47 kwa 53 kichwani, bila kuandika.

(b) Bidhaa ya shilingi 10,000 ilipandishwa bei kwa asilimia 20. Baadaye bei mpya ikashushwa kwa asilimia 20. Je, imerudi 10,000?

(c) Chumba cha mita 5 kwa 4 kinapunguzwa mita 1 kila upande. Eneo limepungua kiasi gani? Onyesha kanda na kona.

(d) Namba mbili zina jumla ya 30 na zao la 216. Ni zipi?

(e) Una wavu wa mita 60 wa kuzungushia bustani ya mstatili. Bustani kubwa kuliko zote itakuwa na eneo gani?

Majibu. (a) Katikati yake ni 50, na kila moja iko umbali wa 3: 2,500 − 9 = 2,491. (b) Hapana. Ni 10,000 × 1.2 × 0.8 = 9,600. Kona ni 0.2 × 0.2 = 0.04, yaani asilimia 4, nazo ndizo shilingi 400 zilizokosekana. Hata kama bei ingeshushwa kwanza kisha ikapandishwa, jibu lingekuwa lile lile. (c) 20 − 5 − 4 + 1 = 12, hivyo eneo limepungua kwa mita za mraba 8. (d) Nusu ya jumla ni 15, na mraba wake ni 225. Kutoka 225 hadi 216 ni 9, hivyo kila namba iko umbali wa 3 kutoka 15: ni 18 na 12. (e) Mita 15 kwa 15, eneo la mita za mraba 225.

9. Tulivyomaliza

Asubuhi ya siku ya pili, kabla ya kwenda kwa mwenyekiti, tulikaa na mama na shemeji yake chini ya mwembe. Hatukuanza na herufi. Tulichukua punje za mahindi, tukazipanga chini: mistari 20 yenye punje 20, na pembeni yake mistari 10 yenye punje 30. Kisha tukamwomba shemeji aichukue ile ya kwanza na aipange iwe kama ya pili. Alipanga kimya. Alipomaliza, punje 100 zilikuwa zimebaki kiganjani mwake.

Alizitazama kwa muda, akasema, “Kumbe hizi ndizo za shemeji yangu.”

Upana wa kipande kile cha bondeni haukuweza kuongezwa, kwa kuwa upande mmoja kuna mfereji na upande wa pili ni shamba la jirani. Basi tukauliza: upana ukibaki 10, urefu uwe ngapi ili zao liwe 400? Mama mwenyewe ndiye aliyejibu: 40. Mzunguko wa kipande hicho ni hatua 100, si 80, na hapo ndipo wote wawili walipoelewa kwamba kuzunguka shamba hakutoshi kulipima. Shemeji alikwenda kuhamisha kigingi cha mpaka hatua kumi mbele, ndipo wakaenda kuandikishana.

Ndugu wasomaji, Kiswahili kinaita jibu la kuzidisha zao, na mavuno ya shamba nayo ni zao. Siku ile chini ya mwembe maneno hayo mawili yalikuwa kitu kimoja. Unapokubaliana na mwenzako juu ya ardhi, bei au kazi, mkiwa mmeongeza huku na kupunguza kule, msiridhike na kuona kwamba kilichotoka kinalingana na kilichoingia. Zidisheni hadi mwisho, kisha mwulizane kona iko upande wa nani.